Mbuzi wa Katelembo

Mwanamume anayejua ni chumba kipi cha gesti huingiwa na jua la asubuhi ana maelezo ya kutoa. Nzembi aliwaza hivyo Jumapili alasiri, katikati ya mkutano wa kamati ya harusi yake, huku wenzake wote wakipiga makofi.

Laban alikuwa amesimama mbele yao, mikono nyuma, akieleza matayarisho yalipofikia. Keki imeagizwa. Hema zimepatikana. Mchungaji ameitangaza ndoa kanisani na hakuna aliyeinua mkono. Halafu akakohoa kidogo.

"Kuna badiliko moja. Wageni wetu wa kutoka Matuu hawatalala Wendo Guest tena. Nyinyi wenyewe mmeiona ile barabara. Tingatinga limechimba mtaro wa maji taka mpaka mlangoni, na malori ya mawe yanaingia kwenye mjengo wetu tangu alfajiri. Siwezi kumlaza mjomba Justus mahali kama hapo. Tumewahamishia Muuo Guest Hotel, nyuma ya soko. Pametulia. Na vyumba vya nyuma ndivyo vizuri zaidi. Jua la asubuhi linaingia polepole mpaka kitandani, kwenye mto."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akasema huyu ni mkwe, si mchezo, anawafikiria wazee mpaka kwenye mto. Nzembi naye akapiga makofi, maana bibi harusi asipopiga makofi kamati nzima humgeukia. Lakini neno lile lilikuwa limeshamwingia kama mwiba wa mgunga. Mpaka kwenye mto. Mtu hulijua hilo akiwa amelala pale, ama akiwa amemwona mwenzake amelala pale.

Laban alipokuwa akimsindikiza nyumbani, alimuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Habari za jua la Muuo ulizijuaje?"

"Nilivijenga vile vyumba, Nzembi. Mwaka juzi."

Jibu lilikuja haraka, na lilikuwa la kweli. Laban alikuwa msimamizi wa mafundi. Miaka ile, kila mwenye ploti Machakos na ndugu mwenye kazi Nairobi alikuwa akijenga gesti, na nusu ya gesti hizo zilipita mikononi mwake. Sasa alikuwa akiisimamia hoteli ya ghorofa nne iliyokuwa ikipanda ubavuni mwa Wendo. Shida ni kwamba alijibu akitazama viatu vyake.

"Na mwenyewe ni nani?"

"Anaishi Nairobi. Hapa ameweka meneja tu."

"Meneja anaitwaje?"

"Tuharakishe, mvua inakuja."

Juu ya milima ya Iveti hakukuwa na wingu hata moja.

Nzembi alimpenda mwanamume huyu, na tusijifanye hakumpenda. Aliuza dawa za mifugo katika duka la agroveti karibu na soko, na Laban alikuwa amenunua dawa ya kupe kwake miezi mingi kabla ya kukiri kwamba hana mbuzi, hana ng'ombe, hana hata kuku. "Nilikuwa nakuja kukutazama," alimwambia siku hiyo, chupa mkononi, masikio yakimwaka. Mwanamke husamehe mengi kwa neno kama hilo. Lakini kusamehe si kupofuka.

Jumatatu saa ya chakula alifunga duka, akamchukua binamu yake Tracy. Tracy alifanya kazi kiwandani Athi River, naye alikuwa amechukua likizo ili amsimamie kwenye harusi.

"Tunaenda kuangalia vyumba," Nzembi alisema.

"Tunaangalia nini kwa vyumba?"

"Mashuka."

"Mashuka gani na umekunja uso hivyo? Cuzo, mimi si mtoto. Tunaenda kuangalia mtu."

Nzembi aliongeza mwendo.

Muuo ilikuwa safi kuliko alivyotaka iwe. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Nyuma ya meza ya mapokezi alikaa mwanamke wa rika lake, nywele amekata fupi, shingo ndefu, na meno yenye mwanya unaofanya hata mtu wa kanisa arudie salamu.

"Karibuni. Ni nyinyi wa harusi ya Laban?"

"Ni harusi yangu," Nzembi alisema. "Laban amealikwa."

Tracy alicheka puani. Mwanamke yule naye akacheka, jambo lililozidi kumuudhi Nzembi, kwa sababu kilikuwa kicheko kizuri.

"Basi pole. Mimi ni Mukai, meneja. Niliwaandalia vyumba vya nyuma, lakini nimetoa pazia za maua. Najua hapendi maua."

"Nani hapendi maua?"

"Laban."

Nzembi alikuwa ameagiza kanisa lote lipambwe maua. Laban hakuwa amesema chochote.

Mtoto wa kike aliingia mbio, sweta ya shule imefungwa kiunoni, goti lina vumbi.

"Mama, chakula kiko wapi?"

"Nduku! Wageni hawasalimiwi siku hizi?"

"Hamjambo," mtoto alisema, akapita moja kwa moja kwenda jikoni.

Sasa, Nduku ni jina la kawaida. Rusha jiwe soko la Machakos na utampiga Nduku mmoja, na mwingine atageuka kuuliza kuna nini. Lakini mama yake Laban aliitwa Nduku, na kwa Wakamba binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake.

"Jina zuri. Ni la nani?"

"La nyanya yake."

"Mama yako?"

"Mama yangu ni Mutindi." Mukai aliacha kalamu mezani. Alimtazama Nzembi vizuri, kisha uso wake ukabadilika. "Laban hajakuambia."

"Kuniambia nini?"

"Aiya. Huyo mwanaume." Mukai alitikisa kichwa. "Mimi sitakuambia, dada. Nikikuambia mimi, utasikia mdomo wangu tu, hutasikia maneno. Nenda ukamuulize."

Nzembi alishika njia. Tracy alimfuata nyuma akisema, "Pole pole, viatu vyangu si vya vita," lakini vita havikumngoja.

Barabara ya kwenda Wendo ilikuwa imefumuliwa kama godoro kuukuu. Mjengo wa Laban ulisimama hapo, nguzo za zege zikitoboa mbingu, chuma kikigongwa kila pembe. Yeye alikuwa ghorofa ya tatu, kofia ya manjano kichwani.

"Laban!"

Nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Fundi mmoja akaita kutoka juu, "Fomeni, serikali imefika!" na wengine wakacheka. Kisha wakauona uso wa Nzembi, wakakumbuka kwamba walikuwa na kazi.

Laban alishuka ngazi mbili mbili.

"Nzembi, kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Nduku ana umri gani?"

"Mama? Sitini na—"

"Nduku wa Muuo."

Alivua kofia. Alimshika mkono kumpeleka nyuma ya rundo la kokoto, mbali na masikio ya watu, na Nzembi akauvuta mkono wake.

"Nitakwenda mwenyewe. Na wewe utasema ukweli wote, usinipimie kwa kijiko."

"Mtoto si wangu."

"Jina ni la mama yako."

"Jina ni la mama yangu, mtoto si wangu. Ni kwa sababu ya mbuzi."

Kama hangekuwa na hasira, Nzembi angecheka. "Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa ntheo."

Hapo hakutaka tena kucheka. Mkamba yeyote anajua. Mahari unaweza kulipa mpaka uzeeke, lakini mbuzi wa ntheo wakishachinjwa kwa kina msichana, huyo ni mke. Kanisa liseme lake, pete iseme yake.

Laban alisimulia akipondaponda kokoto kwa kiatu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Wazee wake walipeleka ntheo Katelembo, kwa mzee Nzioka, babake Mukai. Kabla ya kuletwa nyumbani kwa kina Laban, Mukai alikwenda na dereva wa malori hadi Nakuru. Akarudi peke yake, na mimba. Laban alikuwa ameshakata tamaa, akaondoka zake. Lakini mtu anapotaka kuivunja ndoa kama hiyo, lazima babake msichana arudishe mbuzi mmoja, mbuzi wa kukataa, yule wazee humwita mbui ya ulee. Mzee Nzioka hakumrudisha. Na maadamu mbuzi hajarudi, Mukai ni mke wa Laban, na kila anachozaa ni cha nyumba ya Laban. Ndipo mtoto akaitwa Nduku.

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilidhani muda wake umeshapita."

"Mbuzi hana tarehe ya kuharibika, Laban! Si dawa ya minyoo!" Sauti yake ilipanda mpaka nyundo zikasita tena. "Ulikuja dukani kwangu ukanunua dawa ya kupe, ukaapa huna hata kuku. Kumbe una mbuzi Katelembo. Na ukaona uwalaze wajomba zangu kwa bibi yako!"

"Si bibi yangu. Na Muuo ni pazuri, nilipajenga mwenyewe. Nilidhani nikipakwepa itaonekana nina kitu naficha."

"Kwa hivyo ukaficha kwa kuonyesha. Hongera. Mama yako anamjua huyo mtoto?"

Laban aliinama.

"Humletewa kila Ijumaa. Hana mjukuu mwingine, Nzembi."

"Na wewe?"

"Mimi... nilimfundisha baiskeli."

Katika yote aliyosikia siku hiyo, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwanamke angeweza kupambana naye. Lakini alimwona Laban akikimbia nyuma ya baiskeli ndogo, ameshika kiti, anacheka kile kicheko ambacho yeye alidhani ni chake peke yake, na mbele yao, langoni, mwanamke mwenye mwanya amesimama akiwatazama. Wivu una macho makali. Huona hata mahali ambapo haukuwapo.

"Nisikilize," alisema, sasa kwa sauti ya chini, na Laban akaogopa zaidi. "Wageni wangu watalala Wendo. Utalaza mbao juu ya mtaro, na malori yako yatanyamaza mpaka wazee waamke. Hilo moja. La pili, sitasimama kanisani kuwa mke wa pili wa mtu anayeniita wa kwanza. Mjomba Justus ni shemasi. Akisikia hili kutoka kwa mtu wa Katelembo, atanirudisha Matuu na gauni langu. Mbuzi arudi kabla ya Jumamosi. Asiporudi, mwambie mchungaji atafute wengine wa kufungisha."

"Mbuzi akirudi, mtoto anatoka kwetu. Mama atavunjika moyo."

"Unamwogopea mama, ama unajiogopea wewe?"

"Wote wawili."

Angalau hakudanganya. Nzembi aliondoka bila kuaga, na alipofika dukani alikaa nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, akalia mpaka Tracy akamwambia, "Basi, cuzo, macho yatavimba na picha zimeshalipiwa."

Siku iliyofuata asubuhi, mteja wa kwanza alikuwa Mukai.

Alisimama upande wa pili wa kaunta, mkoba kifuani. Walitazamana kama kuku wawili wageni waliotiwa banda moja.

"Nataka dawa ya minyoo," Mukai alisema mwishowe. "Ya mbuzi. Mbuzi wa kurudishwa hawezi kwenda akiharisha."

Nzembi hakugusa rafu. "Baba yako amekubali?"

"Jana nilikwenda nyumbani, nikamwambia nimechoka kuwa mke wa mtu asiyenitaka. Alisema, mtoto atakuwa wa nani? Nikamwambia ni wangu. Hakunijibu, lakini alikwenda zizini kuchagua."

"Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nikijidanganya." Mukai alitabasamu kidogo, bila furaha. "Dada, tuseme ukweli kama watu wazima. Nilimwacha mwanaume mzuri nikafuata honi ya lori. Halafu kila siku anajenga ukuta kwenye kazi yangu, ananisalimia vizuri, hanitukani. Ungefanya nini? Mbuzi alikuwa kwetu. Nilijiambia, labda."

"Labda nini?"

"Labda tu. Hiyo labda inaweza kulisha mtu miaka mingi. Aliponiletea habari za wageni wako, nilikubali upesi. Nilitaka kukuona. Niliomba Mungu uwe na sura mbaya."

"Na?"

"Huna. Imeniuma."

Nzembi alikuwa amekesha usiku mzima akitafuta kasoro kwenye uso huu huu, na hakuipata. Aligeuka, akashusha chupa.

"Chukua hii ya maji. Ya unga mbuzi huitema. Na usimpe majani mabichi siku hiyo."

"Asante."

"Usinishukuru. Nataka afike mzima."

Kwa mara ya kwanza walicheka pamoja, kicheko kifupi, kila mmoja akakikata mapema kabla hakijawa urafiki.

Alhamisi alasiri mzee Nzioka alifika Mumbuni, kwa kina Laban, akivuta mbuzi mwekundu mwenye ndevu nyeupe. Mukai alikuja naye, akabaki karibu na lango. Wazee wachache wa pande zote mbili walikuwa wameketi uani. Bibi harusi hana kazi mahali kama hapo, na Nzembi aliambiwa hivyo. Alijibu kwamba ameleta sukari, akaingia jikoni, akasimama mahali pa kuona kila kitu.

Maneno ya wazee yalikwenda vizuri mpaka mama yake Laban aliposimama.

"Mimi sipokei," alisema. "Mbuzi mmoja ni nini? Mnanipa mbuzi mnachukua mtoto? Ameitwa jina langu. Nikifa ni nani atakayeitwa akaitika?"

Mzee mmoja akajaribu, "Nduku, hiyo ndiyo desturi—"

"Desturi mlale nayo!"

Laban alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti. Alimtazama mama yake, akatazama chini. Nzembi aliona wazi: kama hakuna atakayesema, mbuzi atarudi Katelembo, na gauni lake litarudi Matuu. Akatoka jikoni.

"Mwaitu," alisema, kwa lile neno la heshima ambalo Mkamba humwitia mama yake mzazi. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mbuzi ni wa ndoa. Jina si la ndoa, ni la mtoto. Hakuna mzee hapa anayeweza kufunga jina kamba akalivuta mpaka Katelembo. Libaki. Na Ijumaa zako zibaki, kama mama yake anakubali."

Watu waligeuka kumtazama Mukai langoni. Mukai aliitikia kwa kichwa.

Mama yake Laban alipangusa macho kwa pembe ya leso. "Wewe, utafurahi kumwona hapa?"

"Hapana," Nzembi alisema. "Sitafurahi. Nitazoea. Atakula nilichopika, na akianguka na baiskeli nitampaka dawa. Lakini mama yake atamfikisha langoni. Langoni tu."

Mzee Nzioka ndiye aliyeanza kucheka, kisha wazee wote. "Huyu," alisema akimwelekezea Nzembi fimbo huku akimtazama Laban, "huyu hatakuacha uwe na mbuzi wawili." Mama yake Laban hakucheka, lakini aliketi. Katika nyumba ile, kuketi kwake kulikuwa ni kukubali.

Mzee Nzioka akamnyooshea Laban kamba. Laban akainuka.

Na hapo, mkono wake ukiwa hewani, aligeuza macho kuelekea langoni. Haikuchukua muda hata wa kupiga chafya. Mukai naye alikuwa akimtazama. Hakuna aliyetabasamu. Kisha Laban akaipokea kamba, mbuzi akalia, na wazee wakaanza kuulizana habari za mvua, kwani jambo limekwisha. Mukai alikwisha kugeuka, anashuka njia ya mawe peke yake, shingo imenyooka.

Nzembi aliuona ule mtazamo. Wazee hawakuuona, mama yake Laban hakuuona. Yeye aliuona wote, tangu ulipoanza mpaka ulipoishia, na alijua atauona tena akiwa anakoroga uji, akiwa anakunja nguo, akiwa mzee.

Alimngoja Laban kando ya tangi la maji, nyuma ya nyumba. Alikuja akipangusa mikono kwenye suruali, uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Nzembi. Imekwisha."

"Ulikuwa unamtazama nini?"

Nzembi alimwona akichagua kati ya uongo mzuri na ukweli mbaya, na alijua kwamba maisha yao yatategemea atakachokiokota.

"Nilikuwa naaga," Laban alisema.

Ilimchoma. Hatuwezi kusema haikumchoma. Lakini alikuwa ametazama usoni pake aliposema, hakutazama viatu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Nzembi alifungua mfereji wa tangi, maji yakaruka juu ya mawe, akamsogezea kipande cha sabuni.

"Basi nawa mikono vizuri, mpaka kwenye viwiko. Huwezi kunishika ukinuka mbuzi wa watu."